Walivyompata Pitino

Machi 10, 2023 Chuo Kikuu cha St. John's, kilichopo Queens jijini New York, kilimwachisha kazi kocha wake wa kikapu, Mike Anderson. Machi 20 kikamtangaza Rick Pitino, mzee wa miaka 70. Kwa kazi ya namna hii siku kumi ni chache mno. Vyuo vingine hukaa majuma bila kocha, majina yakivuja kila asubuhi, makocha wakikana hadharani huku mawakala wao wakizungumza mlango wa nyuma. St. John's walikuwa wepesi kwa sababu walishajua wanamtaka nani, na walishajua huyo wanayemtaka amekosa nini.

Nafundisha kikapu vijana wa sekondari hapa Dar es Salaam, na habari ile iliwasumbua wachezaji wangu kuliko nilivyotegemea. Pitino ndiye aliyeipa Kentucky ubingwa wa vyuo vyote vya Marekani mwaka 1996. St. John's hawakuwa wameshinda hata mechi moja ya mashindano ya taifa tangu mwaka 2000. Mmoja wa wachezaji wangu, mchezesha timu mfupi anayetumia mkono wa kushoto, akaniuliza tukiwa tunafunga mipira kwenye wavu: "Kocha, kwani yule mzee amefilisika?" Fedha hakufilisika. Ila swali la kijana lilikuwa limegusa palepale, maana kocha mkubwa haendi kwenye timu iliyoanguka bila kuwa na kitu anachokitafuta. Chuo kinachotaka kumvuta lazima kianze kwa kukijua kitu hicho, kabla hakijafikiria mshahara.

Msomaji ambaye hafuatilii kikapu cha Marekani aelewe kwanza ukubwa wa jambo. Zaidi ya vyuo 350 viko katika daraja la kwanza la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo. Kila Machi timu 68 huingia kwenye mashindano ya mtoano, ukipoteza mechi moja umekwenda nyumbani. Nchi nzima husimama. Haki za televisheni za mashindano hayo kwa miaka minane, kuanzia 2025 hadi 2032, zimeuzwa kwa dola bilioni 8.8. Kila mechi ambayo timu inacheza humo, isipokuwa fainali, huipatia ligi yake fungu la karibu dola milioni mbili, linalolipwa kidogo kidogo kwa miaka sita. Kwa hiyo chuo kinachokosa Machi kinakosa fedha, kinakosa kuonekana, na watoto wenye vipaji wanazoea kutokuwepo kwake. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Kijana wa miaka 17 mwaka 2023 alikuwa hajazaliwa St. John's waliposhinda mechi yao ya mwisho ya Machi.

Na St. John's hawakuwa chuo cha kubezwa. Ni chuo cha Kikatoliki, kilianzishwa na mapadre wa Shirika la Mtakatifu Vinsenti mwaka 1870, na mechi zake kubwa huchezwa Madison Square Garden, ukumbi ambao kila mcheza kikapu duniani angependa aukanyage japo mara moja. Lou Carnesecca aliifundisha timu hiyo kwa vipindi viwili, jumla ya misimu 24, akashinda mechi 526. Mwaka 1985 aliifikisha nusu fainali ya taifa akiwa na Chris Mullin, mtoto wa Brooklyn mwenye mkono wa kushoto uliokuwa hautetemeki. Waliwatoa watu wengi mwaka ule, lakini nusu fainali wakakutana na Georgetown ya Patrick Ewing, wakafungwa 77 kwa 59. Yashike majina hayo mawili, Mullin na Ewing.

Carnesecca alistaafu 1992. Baada yake kocha alikuja, kocha akaondoka. Mwaka 2015 chuo kikaona dawa ni kumrudisha Mullin mwenyewe. Furaha ya siku ile ilikuwa ya kweli, na ninaielewa, kwa sababu hakuna mtu aliyependwa pale kama yeye. Tatizo ni kwamba Mullin hakuwahi kuwa kocha mahali popote. Msimu wa kwanza timu ilishinda mechi 8 ikapoteza 24. Aliondoka 2019 akiwa amepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Georgetown nao wakafanya vivyo hivyo mwaka 2017: wakamwita Ewing. Yeye angalau alikuwa amekaa miaka mingi kama kocha msaidizi katika ligi ya kulipwa ya NBA, na mwaka 2021 alitwaa kombe la ligi ya Big East pasipo mtu kutarajia. Msimu uliofuata timu yake ilicheza mechi 19 za ligi ikapoteza zote 19. Machi 2023, mwezi uleule St. John's walipomchukua Pitino, Georgetown ilimwachisha Ewing kazi.

Wote wawili ni magwiji, na sisemi neno la kuwavunjia heshima. Ila walichokuwa nacho ni historia ya kucheza. Jina la namna hiyo hujaza ukumbi siku ya utambulisho. Januari ikifika, timu imepoteza mechi nne mfululizo na mchezaji wa akiba anataka kuhama, linabaki swali la kazi: huyu anajua kuinua timu iliyolala? Ameshafanya hivyo wapi?

Pitino alikuwa na majibu. Providence, mwaka 1985, alichukua timu iliyomaliza msimu na ushindi 11 na vipigo 20. Alimkuta pale kijana mmoja mnene kidogo, mzito, aliyekuwa akikaa benchi, Billy Donovan. Akamwambia apunguze mwili. Msimu wa 1986–87 vyuo vya Marekani viliwekewa mstari wa pointi tatu nchi nzima kwa mara ya kwanza, na makocha wengi waliuchukulia kama kero itakayopita. Pitino aliketi akapiga hesabu. Akajenga timu nzima kuuzunguka mstari ule, akaongeza ukabaji wa uwanja mzima uliowachosha wapinzani kabla ya mapumziko, na Donovan akawa mfungaji wa zaidi ya pointi 20 kwa mechi. Machi 1987 Providence wakafika nusu fainali ya taifa. Huwa nawasimulia wachezaji wangu kisa hiki mara nyingi, kwa sababu mstari ule ulichorwa kwenye viwanja vyote vya nchi siku moja, na kila kocha aliuona.

Kentucky alifika 1989, chuo kikiwa kwenye adhabu ya NCAA: miaka miwili bila mashindano ya Machi, na mwaka mmoja bila kuonyeshwa mechi zake moja kwa moja kwenye televisheni. Timu ilikuwa imetoka kwenye msimu wa ushindi 13 na vipigo 19. Miaka saba baadaye ikawa bingwa.

Mtu wa namna hii St. John's wangemwota tu, lau si mambo ya Louisville. Huko alifundisha tangu 2001, akatwaa ubingwa 2013. Kisha ikabainika kwamba mfanyakazi mmoja wa timu alikuwa akiwaleta wanawake wa kulipwa bwenini kwa ajili ya wachezaji na vijana waliokuja kuangalia chuo. NCAA iliufuta ubingwa ule mwaka 2018. Kabla ya hapo, Septemba 2017, wapelelezi wa FBI walitangaza kesi ya rushwa katika usajili wa vyuo mbalimbali, Louisville ikiwamo, na Oktoba chuo kikamfukuza. Pitino amekana siku zote kwamba alijua. Alikwenda Ugiriki, akaifundisha Panathinaikos, akatwaa nayo kombe na ligi mwaka 2019. Mwaka 2020 akarudi Marekani kwenye chuo kidogo cha Iona, mjini New Rochelle, jirani na jiji la New York. Novemba 2022 jopo huru lililosikiliza shauri la Louisville halikumpa yeye adhabu yoyote.

Hapo ndipo mlango wa St. John's ulipofunguka. Vyuo vikubwa vilivyotulia havikuwa na sababu ya kubeba kelele zake. Vyuo vidogo havikuwa na ukumbi wala fedha za kumrudisha kwenye jukwaa alilolizoea. Yeye ni mzaliwa wa New York, aliwahi kuifundisha Knicks ya NBA palepale Garden, na umri ulikuwa umebaki kidogo. St. John's walikuwa na jukwaa bila mwongozaji. Ukitazama makocha wakubwa waliowahi kukubali timu zilizoanguka, karibu wote utakuta wana jeraha: kashfa, kufukuzwa, umri, au simu iliyoacha kulia. Ni nadra kumkuta mzima.

Aliyekuwa na mamlaka ya kuamua ni rais wa chuo, Padre Brian Shanley. Kabla ya kuja St. John's mwaka 2021 alikuwa rais wa Providence kwa miaka 15, chuo alichosoma mwenyewe, kwa hiyo alikijua vizuri alichokifanya Pitino pale mwaka 1987, na alijua ajira ya kocha inavyokwenda. Jambo hili watu hulidharau. Kocha mkubwa anayetafutwa huangalia ni nani anayempigia simu. Akipigiwa na mkurugenzi wa michezo peke yake, atajiuliza kama rais anamuunga mkono. Rais akiketi mwenyewe mezani, kocha anajua kwamba akiomba ndege ya kukodi, wasaidizi wa ziada au chumba kipya cha mazoezi, barua yake haitalala kwenye jalada la mtu.

Mwingine aliyekuwa na uzito ni Mike Repole. Huyu ni mtoto wa Queens aliyesoma St. John's, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya vinywaji ya Vitaminwater, iliyonunuliwa na Coca-Cola mwaka 2007 kwa dola bilioni 4.1. Yeye na Pitino wote wawili hufuga farasi wa mashindano. Tangu Julai 1, 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na wafadhili kama Repole ndio waliogeuka kuwa nguzo ya usajili. Sheria za uhamisho nazo zililegezwa: mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa mwaka mzima nje. Zamani kocha mpya alihitaji miaka minne kupanda mbegu shule za sekondari. Sasa akiwa na jina na fedha anaweza kubadilisha kikosi chote katika majira ya joto mamoja. Kwa mzee wa miaka 70 sheria hizo zilikuwa na maana kubwa kuliko mshahara wake.

Nichukue mfano wa pili, haraka, ili msomaji asidhani ni bahati ya New York. Houston iliwahi kuwa tishio siku za Hakeem Olajuwon na Clyde Drexler. Ilicheza nusu fainali ya taifa miaka mitatu mfululizo, 1982 hadi 1984. Baada ya hapo haikushinda mechi ya Machi kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2014 ilimwajiri Kelvin Sampson, kocha mzuri aliyetoka Indiana mwaka 2008 kwa kosa la kuwapigia vijana simu kinyume cha kanuni na akafungiwa kazi za vyuo kwa miaka mitano. Msimu wa kwanza alipoteza mechi 19. Lakini chuo kilijenga: kituo cha mazoezi kikafunguliwa 2016, ukumbi wa zamani ukafumuliwa na kufunguliwa upya 2018, tajiri wa mjini Tilman Fertitta akiwa ametoa dola milioni 20. Mwaka 2018 wakashinda mechi ya Machi. Mwaka 2021 wakafika nusu fainali. Aprili 2025 walicheza fainali na Florida, wakafungwa 65 kwa 63.

Upande wa wanawake yupo Dawn Staley. South Carolina walimpata 2008 akiwa na medali tatu za dhahabu za Olimpiki kama mchezaji, na wangeweza kuridhika na sifa hiyo. Alikuwa pia na miaka minane ya kufundisha Temple, akijifunza kazi mbali na macho ya watu. Msimu wake wa kwanza South Carolina alishinda mechi 10 akapoteza 18. Hakuguswa. Amechukua ubingwa 2017, 2022 na 2024. Kwangu huyu ndiye mfano safi kuliko wote, na ninasikitika kwamba vyuo vya wanaume vikitafuta kocha haviutazami vya kutosha.

Sasa upande wenye maumivu. Chuo cha SMU cha Dallas kilimwajiri Larry Brown Aprili 2012, akiwa na miaka 71. Brown ndiye kocha pekee aliyewahi kutwaa ubingwa wa vyuo na wa NBA, na hakuna aliyebisha kwamba anajua kufundisha. Ukumbi wa Moody ukakarabatiwa kwa mamilioni ya dola, watu mashuhuri wa Dallas wakaanza kugombea viti vya mbele, na mwaka 2015 timu ikatwaa ubingwa wa ligi yake. Septemba mwaka huohuo NCAA ikatoa uamuzi: mfanyakazi wa ofisi ya timu alikuwa amemfanyia mchezaji mmoja kazi za somo la mtandaoni, na Brown hakuwaambia wachunguzi ukweli mwanzoni. Brown akafungiwa mechi tisa. Timu ikazuiwa kucheza Machi 2016.

Msimu ule wachezaji walijua tangu mwanzo kwamba hawana pa kwenda. Wakashinda mechi 18 za kwanza bila kupoteza. Nic Moore, mchezesha timu wao mfupi mwenye moyo mkubwa, alikuwa mwaka wake wa mwisho, na kosa lile halikuwa lake. Walimaliza na ushindi 25 na vipigo vitano, Machi ikaingia, vyuo 68 vikaitwa, wao wakarudi madarasani. Julai Brown akajiuzulu. Ninapoona chuo kinashangilia kumpata kocha mkubwa mwenye doa, moyo wangu huenda kwa vijana wa aina ya Moore kabla haujaenda kwa kocha. Kocha akiharibikiwa ana wakala, ana akiba, na simu italia tena siku moja. Mwanafunzi wa mwaka wa nne Machi yake ikipita imepita. Chuo kinachomchukua mtu wa namna hii kina wajibu wa kuweka macho yake kila mahali, kwenye ofisi ya masomo, kwenye mabweni, kwenye hesabu za fedha, na kufanya hivyo tangu siku anayosaini, hata kama itamuudhi.

Kuna pia hoja ya wale wanaosema jina kubwa si lazima hata kidogo, na sisi Watanzania tunayo sababu ya kuisikiliza. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alikwenda Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006 kumchezea Jim Calhoun. Aprili 2009 walicheza nusu fainali ya taifa mjini Detroit, na Juni akachaguliwa wa pili katika NBA nzima na Memphis. Wengi wetu tulidhani Connecticut ni chuo kikubwa cha tangu enzi. Sivyo. Calhoun alipoajiriwa 1986 ilikuwa timu ya mkiani katika Big East, chuo chenyewe kikiwa Storrs, kijijini, mashamba kila upande. Naye alitoka Northeastern, chuo cha Boston ambacho nje ya eneo lile wachache walikijua. Mwaka wa kwanza alishinda mechi 9 akapoteza 19. Ubingwa ulikuja 1999, 2004 na 2011.

Kwa hiyo ndiyo, Calhoun mwingine yupo mahali fulani leo, hajulikani, na chuo chenye subira kingepaswa kumtafuta. Lakini wanaotoa hoja hii husahau kwamba Connecticut ilimvumilia kwa miaka 13 hadi kombe la kwanza, wakati ambapo mchezaji aliyesajiliwa alikaa. Leo kijana anayeng'aa Januari ameshapigiwa hesabu na chuo kingine ifikapo Aprili. Subira imekuwa ghali, na jina limekuwa njia ya mkato kwa sababu mchezaji anayehama hutaka kujua kwa siku chache tu nani atamfundisha.

Jambo jingine kuhusu timu ile ya Thabeet. Mwaka 2008–09 alicheza pamoja na kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Bronx aitwaye Kemba Walker. Bronx na Queens ni jiji moja, unapanda treni. Walker akapita St. John's akaenda kijijini Storrs. Machi 2011 akarudi jijini kwao, ndani ya Garden, akaiongoza Connecticut kushinda mechi tano kwa siku tano na kutwaa kombe la Big East, kisha ubingwa wa taifa. Ukitaka kuelewa St. John's walikuwa wanaumwa nini, ugonjwa ulikuwa huo: watoto wa mtaani kwao walikuwa wanang'ara ukumbini kwao wakiwa wamevaa jezi za wageni.

Pitino hakuanza kwa miujiza. Alikuja na mchezesha timu wake wa Iona, Daniss Jenkins, akawasajili RJ Luis kutoka Massachusetts na Zuby Ejiofor kutoka Kansas. Februari 2024, baada ya kufungwa na Seton Hall mechi waliyokuwa wakiongoza kwa pointi nyingi, aliketi mbele ya waandishi akawasema wachezaji wake kwamba ni wazito wa miguu, na kwamba hajawahi kuwa na msimu usio na furaha kama ule. Baadaye aliomba radhi. Timu ikashinda mechi sita mfululizo, na kuna waliosema maneno yale yaliwaamsha. Sikubaliani nao. Vijana wale walikuwa wamemfuata yeye, wengine wakiacha vyuo vikubwa, na mambo ya miguu yao yangeweza kusemwa chumbani mlango ukiwa umefungwa. Msimu uliisha kwa ushindi 20 na vipigo 13, na Machi hawakuitwa.

Mwaka uliofuata akamnyang'anya Seton Hall, mpinzani wa jirani, mchezesha timu wake Kadary Richmond, akaongeza Deivon Smith na Aaron Scott. Novemba 30, 2024 mzee Carnesecca alifariki dunia, ikiwa imebaki zaidi kidogo ya mwezi mmoja atimize miaka 100. Timu aliyoiacha ikawa inashinda. Wakatwaa ligi ya Big East wakiwa peke yao kileleni, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1985.

Fainali ya kombe la ligi ilichezwa Garden Machi 15, 2025, kwetu ikiwa usiku wa manane. Niliitazama na wachezaji wangu watatu ambao wazazi wao walikubali walale kwangu. Hadi mapumziko St. John's walikuwa nyuma ya Creighton. Kipindi cha pili kilipoanza nikawaambia vijana waache kuangalia mpira, waangalie miguu ya walinzi. Waliona jambo ambalo nimekuwa nikilipigia kelele mazoezini: mtu anayekaba hasimami, anapiga hatua ndogondogo za pembeni kabla mwenye mpira hajaamua, mkono mmoja chini ya mpira na mwingine kwenye njia ya pasi. Creighton wakaanza kurusha mipira kwa haraka isiyo yao. Luis alimaliza na pointi 29. Matokeo yalikuwa 82 kwa 66, kombe la kwanza la ligi tangu 2000. Yule mchezesha timu wangu wa mkono wa kushoto alisema, "Kocha, hawa wanakimbia kama mechi ndiyo inaanza." Wiki iliyofuata wakashinda na mechi ya Machi iliyosubiriwa kwa miaka 25, dhidi ya Omaha.

Mechi ya pili walikutana na Arkansas ya John Calipari, kocha mwingine mkubwa aliyevutwa na chuo kilichotoka kwenye msimu mbaya: aliiacha Kentucky Aprili 2024, na aliyesaidia kumleta ni John Tyson wa kampuni kubwa ya kuku ya Tyson. Makocha wawili wa kununuliwa kwa gharama, uso kwa uso. St. John's walirusha mipira 22 ya pointi tatu ikaingia miwili. Walifungwa 75 kwa 66, Luis akiwa benchi dakika za mwisho. Muda mfupi baadaye Luis, mchezaji bora wa ligi nzima, akawa ameondoka.

Ndipo kazi ya kuvutia ikaanza upya. Mwaka huohuo Bryce Hopkins alihama Providence akaja Queens. Dillon Mitchell akatoka Cincinnati. Ian Jackson, mtoto wa Bronx aliyekuwa amekwenda North Carolina kwa msimu mmoja, akarudi jijini kuichezea St. John's, na nadhani hiyo ndiyo saini ambayo chuo hicho kilikuwa kikiisubiri tangu Walker alipowapita. Kwa sheria za sasa hakuna aliyesaini moja kwa moja. Kila Aprili Pitino, Shanley na Repole wanalazimika kumshawishi upya kila kijana wanayetaka abaki.